Ikikauka, Vunja

Mama Sare alikata chakula cha mbwa kwa rula. Sentimita mbili kwa sentimita mbili, na mstari ukienda upande aliufuta kwa kidole akaupiga upya. Usimcheke. Mtu aliyeshona sare za shule miaka ishirini na sita, kola mia na mifuko mia, yote kipimo kimoja, humpi trei ya nyama iliyosagwa ukategemea aikate ovyo ovyo. Alichukua kile kigurudumu chake chenye meno, cha kutia alama kwenye kitambaa, akakiosha kwa maji ya moto mara tatu, kisha akakipitisha juu ya mchanganyiko mbichi kutoka ukingo hadi ukingo. Trei ilipoingia kwenye oveni ilikuwa imechorwa miraba kama daftari la mtoto wa shule.

Ilikuwa Jumanne, siku ya kumi na moja tangu wamzike mumewe, na hakuwa akihisi kitu chochote. Umewahi kung'olewa jino ukachomwa ile sindano? Unagusa shavu kwa kidole, unajua kabisa shavu ni lako, lakini lenyewe halina habari. Basi yeye alikuwa hivyo mwili mzima, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Watu walikuja wakalia, wakamkumbatia wakamlowesha bega, na yeye akawauliza kama wamepata chai. Kila alichoambiwa alikijibu kwa neno moja: sawa. Viti vya kukodi virudishwe leo? Sawa. Nguo za marehemu zifungwe kwenye masanduku? Sawa. Binti yake, anayefanya kazi katika duka la dawa mji mwingine, alipokuwa anaaga kurudi kazini alimshika mashavu akamwambia, mama, lia basi hata kidogo. Mama Sare akamjibu sawa, halafu akaenda kukunja mashuka.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki kichwani mwake, nacho ni yule mbwa.

Tusidanganyane, hakuwa akimpenda. Mbwa alikuwa wa mumewe. Mumewe alikuwa fundi rangi, mtaa mzima ukimwita Mzee Brashi, na miaka tisa iliyopita alipokuwa anapaka rangi ghala fulani, kitoto cha mbwa kisicho na mwenyewe kilimfuata siku nzima chumba hadi chumba. Kila akimaliza ukuta, kile kitoto kilikaa kitako mbele yake kikautazama juu mpaka chini. Mzee Brashi alicheka mpaka akashuka kwenye ngazi. Akakiita Mkaguzi, akakileta nyumbani ndani ya ndoo tupu. Mama Sare alipokiona alitoa sharti moja: mnyama huyo asivuke mlango wa chumba cha cherehani, maana manyoya na mashati meupe haviivi chungu kimoja. Mumewe akakubali, na cha ajabu mbwa naye akakubali. Miaka tisa Mkaguzi hakukanyaga chumba kile. Yeye na Mama Sare wakaishi kama wapangaji wawili wa mwenye nyumba mmoja, salamu zipo, undugu hakuna.

Hiyo habari ya kumpikia ilianza kwa sababu ya ngozi. Chakula cha mfuko cha dukani kilimtoa Mkaguzi vipele, akajikuna mpaka masikio yakatoka damu. Fundi rangi akaamua atamtengenezea mwenyewe chakula kikavu, cha vitu vinavyojulikana, cha kutosha wiki nzima. Wenzake kazini walimtania weee, wakamwuliza kama mbwa analetewa na leso ya kujifutia mdomo. Hakujali. Kila Jumamosi, mvua ije jua liwake, alifunga aproni ya mkewe iliyochoka na kuingia jikoni, Mkaguzi nyuma yake, na mlango ukarudishwa. Mama Sare hakuwahi kuona kinachofanyika humo ndani hata mara moja. Jumamosi ndiyo siku wazazi wanakuja kuchukua sare, cherehani inanguruma tangu asubuhi, na mtu akitaka kukuambia jambo lazima akupige bega. Alichojua ni harufu ya maini, na kwamba jioni kopo kubwa la biskuti juu ya friji lilikuwa limejaa.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Moyo ulimsumbua fundi tangu alfajiri, lakini alitoka nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na mfuko wake wa mswaki na taulo aliubeba mwenyewe. Hospitalini, kabla hawajamsukuma kwenda wodini, alimvuta mkewe mkono. Mama Sare alifikiri atamwambia habari za nyumba, au za binti yao.

“Mkaguzi mpe chakula mpaka nirudi,” akasema.

“Sawa,” akamjibu.

Hakurudi. Jumapili asubuhi walimpigia simu. Na hayo ndiyo yakawa maneno ya mwisho kati yao, watu walioishi pamoja miaka thelathini na moja: chakula cha mbwa, na sawa.

Ile Jumamosi ya katikati, wakati fundi bado yuko wodini, mbwa alikaa mbele ya mlango wa jiko kutwa nzima. Hakubweka, hakulia. Jioni akainuka, akaingia stoo, akalala chini ya ngazi ya kupakia rangi, juu ya ovaroli ya bwana wake ambayo hakuna aliyekumbuka kuiokota. Tangu siku hiyo hakula. Msiba ulikuja ukapita, watu wakamrushia mifupa na mabaki ya kila aina, akanusa akageuza kichwa. Alilamba mchuzi kidogo siku moja, yai siku nyingine, ya kumfanya apumue tu. Shemeji mtu, mdogo wa marehemu, akanunua mfuko wa dukani kwa nia njema kabisa. Mkaguzi akaonja tembe nne, na kesho yake alikuwa anajikuna. Mama Sare akaufunga mfuko ule kwa kamba akautoa nje.

Hapo ndipo alipokumbuka kuwa mumewe alikuwa na daftari. Alilikuta nyuma ya kopo, jembamba, lenye alama za vidole vya rangi ya kijani. Maelezo yalikuwa ukurasa mmoja, kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa kuandika ukutani vipimo atakavyovifuta baadaye. Kuku kilo moja, chemsha, mifupa toa yote. Maini robo, usizidishe. Mchele wa kahawia, pika mpaka ulainike. Karoti mbili, kipande cha boga. Mayai mawili ya kuchemsha, maganda usitupe, saga yawe vumbi, uchanganye. Kitunguu hapana. Kitunguu saumu hapana. Chumvi hapana, hata akikuangalia. Saga vyote, tandaza kwenye trei iwe nyembamba kama mkono wa pili wa rangi. Moto mdogo kwa muda wa saa tatu, mlango wa oveni uachie upenyo mvuke utoke. Na mstari wa mwisho kabisa: ikikauka, vunja.

Mama Sare alifuata kila neno. Alipima kuku kwenye mizani, akatoa mifupa mpaka ile midogo ya shingoni, akasaga maganda ya mayai kwa chupa mpaka yakawa kama poda ya mtoto. Kilichomkwaza ni huo mstari wa mwisho tu. Vunja! Hayo ni maneno ya mwanamume asiyejua mkasi. Ukivunja unapata vipande vikubwa na vidogo, vyenye ncha, na makombo kibao chini ya meza. Yeye akaona afadhali aikate mistari ingali mbichi, ikikauka iachane yenyewe, mraba kwa mraba. Alijua anafanya kazi bora kuliko ya marehemu, na alijua bila kujivuna, kama anavyojua kwamba kola huanzwa kushonwa katikati.

Wakati anatoa trei ile ya Jumanne alishika chuma kwa mkono mtupu. Hakugundua mpaka aliposikia harufu. Akatazama kidole kinavyojaa lengelenge, akakitia kwenye maji, akaendelea. Miraba iliachana vizuri kabisa, mia mbili na kitu, yote kama ndugu wa tumbo moja. Akachota konzi moja kwenye bakuli, akaenda stoo, akachuchumaa.

Mkaguzi alinusa. Akaunusa mraba mmoja, akahamia wa pili, kwa adabu, kama mgeni anayeonyeshwa picha za watu asiowajua. Halafu akarudisha kidevu kwenye ovaroli. Mama Sare alingoja mpaka magoti yakamuuma, akainuka, akaliacha bakuli pale. Asubuhi lilikuwa vilevile.

Alhamisi alikuja daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Shemeji ndiye aliyemleta. Daktari akampima mbwa uzito, akamvuta ngozi ya shingo akaona inavyochelewa kurudi, akamwangalia ufizi. Akamtazama na Mama Sare pia, kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mbwa, kisha akarudi kwa mgonjwa wake. Akaeleza kwamba ugonjwa hauoni. Meno mazima, tumbo halina kitu kigumu, ila mwili umeanza kujila wenyewe, na figo zikishachoka hakuna kurudi nyuma.

“Mpeni mpaka Jumapili,” akasema. “Akiwa hajala, mleteni nimpumzishe. Kumwacha hivi ni kumtesa.”

Shemeji akasema Jumapili saa tisa mchana atakuja na pikapu. Alisema kwa upole, kofia mkononi. Naye si mtu mbaya, usije ukamwelewa vibaya. Alikuwa amemzika kaka yake, anamwona shemeji yake anavyokauka kama kuni, akaona angalau hili moja aweze kulimaliza kwa niaba yake. Mama Sare akasema sawa.

Ila walipoondoka alibaki amesimama stoo, na kile kichwa chake kilichojaa pamba kikapiga hesabu moja. Aliombwa jambo moja. Kwa miaka thelathini na moja yule mwanamume hakuwa mtu wa kuomba. Hata kifungo kikimtoka alikishona mwenyewe kwa uzi wa rangi isiyofanana, mkewe akiwa fundi cherehani ndani ya nyumba hiyohiyo. Mara moja aliomba. Jumapili saa tisa itakuwa imejulikana kuwa hata hilo limemshinda. Aliwaza hivyo, akasubiri imuume. Haikuuma. Ilikaa tu pale kifuani, nzito, kama debe la maji uliloambiwa ulishike kidogo na mwenyewe hatokei.

Ijumaa akatengeneza tena. Safari hii aliona labda kasoro ni umbo, akaikata midogo zaidi, sentimita moja na nusu, akasugua kingo zote kwa kisu zisiwe na mkwaruzo. Ndiyo, alisugua kingo, moja moja, asubuhi yote, na sare za watu zinamngoja. Binti yake akapiga simu akamshauri achovye kwenye maji ya uvuguvugu. Akachovya. Akaita jina la mbwa kwa sauti aliyojaribu kuilainisha. Mkaguzi akatikisa ncha ya mkia mara moja, ishara ya kwamba amesikia na anashukuru, na macho akayafumba.

Jumamosi shule zilikuwa karibu kufunguliwa na watu walikuja kwa wingi. Mama Sare alikuwa amesaga kila kitu tangu alfajiri, na trei ya tatu ilikuwa mezani, imetandazwa, imefunikwa kitambaa, bado mistari, wakati mama mmoja alipogonga na binti yake mwenye sketi iliyobana. Akaenda akafumua pindo. Huyo hajatoka akaingia mwingine. Aliporudi jikoni alisimama katikati ya chumba akitazama ile aproni iliyochoka msumarini, mfukoni mwake ikionekana ncha ya penseli. Sijui alisimama muda gani, na yeye hajui. Kisha akatoa kitambaa, akasukuma trei ndani ya oveni, akaegesha mlango kwa mwiko. Zile saa tatu zilipotimia akazima moto, na kwa kuwa kulikuwa na mtu mlangoni tena, akaiacha humohumo ipoe.

Jumapili asubuhi akaitoa. Trei nzima ilikuwa kipande kimoja. Kahawia, kikavu, kigumu, hakina mstari hata wa dawa.

Alikitazama kwa muda. Halafu, kutoka mbali, kitu kikaanza kumpanda, na ilimchukua muda kukitambua kuwa ni hasira. Alikasirika. Kusahau kukata! Yeye! Hajawahi kusahau kukata tangu aanze kazi, hata siku ana homa, hata siku ana uchungu wa uzazi alikata mashati manne kwanza ndipo akaita mtu. Akachukua kisu, kikateleza, kikachora meza. Mkasi wake mkubwa ulikuwa pale chumbani, lakini mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine, hilo hata mtoto wa fundi analijua, na hakuwa amechanganyikiwa kiasi hicho. Akatupa kisu kwenye beseni. Akakamata ile sahani ngumu kwa mikono miwili, vidole gumba katikati, akaikandamiza kwa nguvu zote za ile hasira.

Ka!

Ulikuwa mlio mkali, mkavu, wa kipande cha mbao kinachovunjwa gotini. Ukatoka jikoni ukapita ukumbini. Mama Sare mwenyewe alishtuka.

Na kule stoo kitu kikaanguka, kopo la brashi pengine, na baada yake akasikia kucha kwenye sakafu. Tik, tik, tik, zikija, zikiteleza kwenye kona, zikija tena. Mkaguzi alitokea kwenye mlango wa jiko amesimama kwa miguu yake minne, mbavu zote zinahesabika, masikio juu. Tangu ile Jumamosi alikuwa hajasimama isipokuwa kwenda kujisaidia.

Hakumtazama Mama Sare. Alitazama stuli iliyo karibu na oveni. Akaizunguka. Akanusa aproni pale msumarini, pua imegusa kitambaa, akashusha pumzi ndefu. Kisha akatoka. Mama Sare, na kile kipande nusu kila mkono, akamfuata, sijui kwa nini, miguu ilikwenda tu.

Mbwa akaenda mlango wa nyuma akasikiliza. Akaenda bafuni. Akaingia chumba cha kulala, akasimama upande wa kitanda aliokuwa akilala fundi, akachungulia chini, ambako viatu vyake vya kazi havikuwepo tena kwa kuwa Mama Sare alisema sawa. Akaenda sebuleni akatazama kiti kimoja baada ya kingine. Hakuruka kona hata moja. Aliikagua nyumba nzima kama alivyokuwa akikagua kuta, juu mpaka chini, mpaka kukabaki mlango mmoja tu. Akafika mbele ya chumba cha cherehani, na pale kwenye kizingiti akasimama. Hata katika hali ile, mifupa inatetemeka, hakuvuka. Aligeuza kichwa akamwangalia mwenye chumba.

Mama Sare alitazama mashati meupe yaliyopangwa mezani, tayari kwa kesho.

“Pita,” akamwambia. “Pita ukaangalie.”

Akapita. Akazunguka chini ya meza, nyuma ya marobota, kati ya miguu ya cherehani. Alikaa humo muda mrefu kuliko vyumba vingine, kwa kuwa hakukijua. Mama Sare alisimama mlangoni akimngoja amalize, na katika kule kumngoja akagundua jambo lililompa kizunguzungu: kwamba na yeye alikuwa anangoja jibu. Alikuwa anamtazama yule mbwa akipita vyumbani huku sehemu fulani ya moyo wake, sehemu ya kijinga kabisa, ikitegemea kwamba atampata. Kwamba atatokea na bwana wake nyuma, na rangi kwenye nyusi, akiuliza mbona nyumba imepoa hivi.

Mkaguzi akatoka. Akakaa kitako mbele yake, akainua macho.

“Hayupo,” Mama Sare akamwambia. “Hayupo, baba. Hata mimi sijamwona.”

Ndiyo mara ya kwanza alilisema. Wengine wote walikuwa wamelisema, mchungaji kwa maneno yake kaburini, jirani, shemeji, binti, na yeye akawajibu sawa kama mtu anayeambiwa umeme utakatika. Sasa lilitoka kinywani mwake mwenyewe, na lilipotoka, ganzi ikaachia. Iliachia vibaya. Kwanza kiliuma kidole, kile kilichoungua Jumanne, kikauma siku tano kwa mkupuo mmoja. Kisha vikafuata vingine vyote. Akashuka chini akakaa kwenye sakafu ya ukumbi, mgongo ukutani, kwenye ule ukuta ambao mumewe aliupaka mara mbili kwa sababu Mkaguzi hakuridhika. Akalia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, ya mtu asiyejali nani anasikia.

Vile vipande viwili vilikuwa bado mikononi. Katika kujifuta uso, kimoja kikagonga goti kikavunjika. Ka. Mbwa akasogea. Akanusa mkono wake, pua baridi, akachukua kipande chenye ncha tatu, kibaya, kisicho na umbo lolote, akakitafuna. Ukasikika ule mlio mdogo wa meno. Akameza. Akatazama mkono mwingine.

Mama Sare akavunja tena. Akala tena. Basi wakaendelea hivyo, mmoja analia na kuvunja, mwingine anatafuna, kidogo kidogo, maana daktari alishaonya kwamba tumbo tupu halijazwi kwa pupa. Alivunja vipande vya kila namna, vingine kama kucha, vingine kama kiganja, na makombo yakamjaa kwenye gauni na sakafuni, na Mkaguzi akayafuata yote kwa ulimi. Sasa alielewa kulikuwa na nini nyuma ya ule mlango uliorudishwa kila Jumamosi. Trei mezani, mzee kwenye stuli, mbwa chini, ka, moja yako, ka, nyingine ya kopo. Miaka yote hiyo, hatua kumi kutoka kwenye cherehani yake, na yeye hakuwahi kuusikia mlio wenyewe. Hilo lilimliza upya.

Saa tisa kamili pikapu ikasimama nje. Shemeji aliingia na kamba mkononi na blanketi kuukuu begani, uso ameukunja kwa kazi asiyoipenda. Alimkuta shemeji yake jikoni sasa, kwenye ile stuli, macho yamevimba kama maandazi, nywele segemnege, aproni ya marehemu kiunoni. Mbwa amelala juu ya miguu yake. Shemeji akatazama mbwa, akatazama kopo, akatazama makombo, na kwa kuwa hakujua aanzie wapi akaanzia alipokuwa amepanga kuanzia.

“Nimpakie, shemeji?”

Lile neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, limezoea njia. Akalimeza.

“Hapana,” akasema. “Nilimwahidi kaka yako nitampa chakula mpaka arudi.”

Shemeji akashusha kamba mezani. Akavuta pumzi, akachagua maneno taratibu, kama mtu anayevuka sakafu yenye maji.

“Shemeji yangu. Kaka harudi.”

“Najua,” Mama Sare akasema. “Ndiyo maana kazi yenyewe ni ndefu. Nenda kanawe mikono, uje unisaidie kuvunja.”